Njia ya Ziwani Inafungwa

4 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Usishtuke ukiona mwandiko huu. Mkono ni ule ule uliochora ramani za nusu ya wilaya, ila siku hizi unatetemeka kidogo ukifika kwenye kona. Mimi mzima, Nesi wetu, mpwa wako, mzima, nyumba bado imesimama.

Miaka sita hatujaandikiana, si kheri si shari. Kilichonifanya nichukue kalamu ni tangazo. Juzi nilipita ofisi ya misitu kumsalimia yule mlinzi wetu wa zamani, mwenye pengo, nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni: njia ya ziwani inafungwa mwisho wa Juni. Mvua zimeila, miteremko imebomoka, wanataka kupanda miti upya na kuiacha ipumzike miaka kumi. Miaka kumi, shemeji! Mimi nina sitini na nane. Nikamwambia mlinzi, "Kwangu mngeandika 'milele', msingepoteza wino." Akacheka, halafu akaona mwenzake sicheki.

Nikarudi nyumbani, nikashusha mzigo juu ya kabati. Hema panya wamelitoboa pembe moja. Viatu vyangu soli imekauka na kupasuka. Ndoana nimezikuta ndani ya lile kopo la dawa ya viatu, pamoja na chambo za manyoya ulizokuwa ukifunga kwa nyuzi ulizomwibia dada yako kwenye sanduku la cherehani. Ile nyekundu bado nyekundu. Nilikaa nazo kiganjani mpaka chai ikapoa.

Mvua zikikatika, mwanzoni mwa Juni, twende. Siku mbili kupanda, tatu ziwani, moja na nusu kushuka, kama zamani. Sitaki mpagazi wala mpishi. Nakutaka wewe, maana hakuna mtu mwingine ninayeweza kukaa naye saa nne bila neno na nisihisi nimenuniwa.

Nijibu. Hata "hapana" ni jibu.

Shemeji yako,
Mpima


17 Machi

Shemeji Mpima,

Barua yako ililetwa na dereva wa gari la idara ya maji, anayefika huku mtamboni Jumanne na Ijumaa. Akaniambia, "Fundi, leo umekumbukwa." Niliitia mfukoni mpaka zamu ikaisha.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi nipo, nasukuma siku. Kuhusu safari, ungenitaka radhi mwenyewe kama ungeona hali ya huku. Niko peke yangu na pampu tatu, na ya pili inavuja kama jicho lenye mchanga. Nikiondoka wiki moja, mji mzima huko chini utafungua mabomba na kusikia upepo. Halafu goti la kushoto limeshakuwa redio, linatangaza mvua siku mbili kabla.

Kwa hiyo nenda na mwingine. Yule mwalimu jirani yako anapenda milima. Ila usiende peke yako, tafadhali.

Sikukununia, shemeji. Nilihamishwa kazi, na kazi ikanimeza. Mambo mengine ni maji yaliyomwagika.

Msalimie Nesi sana.

Fundi


29 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikikutafuta uko wapi ndani yake. Nimeona pampu, nimeona goti, nimeona mwalimu. Wewe sikukuona.

Mwalimu! Yule anatembea huku anahutubia. Atanitajia kila mti kwa jina la kitabuni mpaka samaki wahamie ng'ambo.

Nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukueleza tukiwa kule, kwa sababu kule hatukuwa tukisema. Nilitembea nchi hii miaka thelathini na minne na mnyororo wa kupimia, na kila nilipokanyaga palikuwa na namba. Kilima kilikuwa urefu, mto ulikuwa mpaka kati ya fulani na fulani wanaogombana. Mwaka wa kwanza uliponiburuta ziwani nilikuwa nahesabu hatua kimoyomoyo. Ulinigundua. Ukasimama, ukaniuliza, "Umefika ngapi?" Nikasema elfu nne mia mbili na kumi. Ukasema, "Haya, umeshafika. Zilizobaki ni za bure." Tangu hapo nikajifunza kupanda mlima kama mtu asiye na ofisi. Kuona umande umekaa upande gani wa nyasi. Kunywa maji ya mto nikiwa nimelala kifudifudi kama mbuzi. Kutupa mshipi na kuuacha uende na maji, bila haraka, mpaka nisahau kama kuna samaki. Tukirudi mikono mitupu dada yako alikuwa akisema, "Siku sita! Na sokoni wapo, wamelala tu wanawangoja." Nikawa namjibu kwamba wale wa sokoni hawajui mlima. "Na nyinyi hamjui soko," anasema, na kisu cha kuparia ameshakishika, kwa sababu alijua mmoja au wawili tumewaficha chini ya hema.

Nafanya mazoezi. Kila asubuhi napanda kilima cha nyuma ya soko. Katikati kuna jiwe, nakaa kidogo kutazama ndege. Siku hizi nimekuwa mpenzi mkubwa wa ndege.

Sasa la moyoni. Nilikutana na karani wa idara yenu, akaniambia uhamisho uliomba mwenyewe, tena kwa barua mbili. Siku ya msiba wa dada yako ulibeba jeneza upande wa mbele, ukalitua, ukaondoka bila kunipa mkono. Mimi ndiye mume. Mimi ndiye niliyemwacha mke wangu nyumbani nikaenda kuvua. Kama unaniona nina hatia, sema, shemeji. Hilo nalibeba kila siku, hutaniongezea uzito.

Ila usiniletee pampu.

Mpima


10 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia bila baba kujua, barua hii nampa dereva mwenyewe mkononi.

Najua anakuomba mwende ziwani. Anaandikia mezani, akiniona anaifunika karatasi kwa kiwiko kama mtoto wa darasa la pili. Mjomba, baba hawezi kwenda. Moyo wake umepanuka na umechoka. Mwezi Januari nilimpeleka hospitali ninakofanya kazi, daktari akanionyesha picha, akaniambia nimpumzishe, chumvi apunguze, ngazi aache. Hakusema miaka. Alisema "tutazame hali inavyokwenda", na mimi ni muuguzi, najua sentensi hiyo wanapewa akina nani.

Baba nimemwambia ni presha tu. Vidonge nimevitoa kwenye makasha yake nikavitia kwenye chupa nyingine asisome maelezo. Asubuhi ananiambia anakwenda kunyoosha miguu, kumbe anapanda kilima. Nimemfuata mara mbili kwa mbali. Anakaa kwenye jiwe, ameshika kifua, anajifanya anatazama juu.

Ninachokuomba ni hiki: mkatalie. Lakini mkatalie kwa namna ambayo hatashuku. Mwambie umeumwa, mwambie idara imekunyima likizo, mwambie chochote. Na hili la moyo libaki kati yangu na wewe. Akilijua atavunjika, nami sitaweza kumwona akivunjika mara ya pili. Ile ya kwanza uliiona wewe mwenyewe.

Nisamehe kwa kukubebesha. Sina mwingine.

Mpwa wako,
Nesi


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenitoa jasho nikiwa nimekaa.

Unachoniomba nilishaombwa zamani, na mtu niliyempenda kama ninavyokupenda wewe. Nilikubali, na sijapata usingizi wa maana tangu hapo. Mara ya pili siwezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wanaobaki huumbuka pia.

Mwambie baba yako kuhusu moyo wake. Ni wake, si wetu. Dereva huyu huyu ana barua yangu nyingine, ni ya baba. Uwe karibu naye atakapoisoma, na vidonge viwe karibu. Nawe atakupa uisome, inakuhusu.

Mjomba wako


21 Aprili

Shemeji,

Kaa chini kwanza. Mwite Nesi akae nawe.

Umeniuliza kama nakuona una hatia. Miaka sita nimekimbia ili usije ukaniuliza swali hilo, kwa sababu jibu lake liko upande wangu.

Wiki moja kabla ya safari yetu ya mwisho, Jumatatu, dada alikuja karakana ya idara mchana. Alikuwa na bakuli la chakula limefungwa kitambaa, nikajua kuna jambo, maana dada hakuwa mtu wa kumletea chakula mwanamume mwenye mikono. Akakaa juu ya bomba. Akasema, "Nina uvimbe tumboni. Wanataka kuutoa. Nimepangiwa Jumatano, ile mtakayokuwa juu."

Nikamuuliza, "Mpima anajua?"

"Akijua hatakwenda. Na akibaki, mgonjwa atakuwa yeye. Umesahau Nesi alipotolewa kidole tumbo? Si alizimia koridoni, manesi wakamwacha mtoto wakaanza kumpepea baba?"

Tukacheka, shemeji. Tulicheka kweli. Halafu akanishika mkono, mkono wenye grisi, akasema, "Mchukue. Daktari anasema ni kitu kidogo, siku tatu niko nyumbani. Mkirudi atanikuta kwenye cherehani, nitamweleza huku napara samaki. Niapie hutamwambia."

Nikaapa. Nilijiona mwanamume, ndugu aliyeaminiwa.

Unaikumbuka Jumatano ile? Ulikuwa umesimama majini mpaka mapajani, ukanasa yule mkubwa wa madoa, ukaniita nikuletee wavu. Nilichelewa, akakatika, ukanitukana kwa mapenzi. Ulifikiri nimesinzia. Nilikuwa natazama saa. Ilikuwa saa nne, saa aliyoniambia.

Alhamisi mchana mlinzi alipotokea chini kwenye mawe, mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa bado mbali, lakini mlinzi hapandi njia ya siku mbili usiku na mchana kuja kusalimia. Wewe ulikuwa unafunga ndoana, umeubana mshipi kwa meno, unaimba puani. Nikakuacha umalize. Sikuweza kukukatiza. Kitu kile kimoja, wewe unafunga fundo na mimi najua, ndicho kinachonirudia kila siku huku mtamboni.

Kushuka kote uliniuliza, "Kapatwa na nini, shemeji? Si tulimwacha mzima?" Nikakujibu sijui. Mara ngapi? Nilihesabu mpaka ishirini.

Ndiyo maana sikukupa mkono. Ndiyo maana niliandika barua mbili za kuomba kuhamishwa. Ningekwambia wiki ile kabla ya safari, ungebaki, na labda ungemtafutia daktari mwingine, labda ungepiga kelele waahirishe, labda isingesaidia kitu. Lakini asingelala kwenye kitanda kile peke yake, na asingekosa mtu wa kumshika mkono kabla hawajamlaza usingizi ambao hakuamka.

Sikuombi kitu. Nimesema.

Fundi


30 Aprili

Fundi,

Barua nimeipata. Nimeisoma.

Usije.

Mpima


23 Mei

Shemeji,

Nimekaa na hasira siku zaidi ya ishirini. Nilikuwa naamka nayo, nakunywa nayo chai. Siku moja nilipanga kabisa kuja na gari la idara nikutupe kwenye tangi la maji, kisha nikafikiri watu watayanywa.

Nikueleze nilichokuwa nakijua na nilichokuwa sikijui. Wiki moja baada ya mazishi nilifunua cherehani kuipaka mafuta, nikakuta chini ya kifuniko kadi ya hospitali, tarehe na saa zimeandikwa. Kwa hiyo nilijua kwamba alipanga. Nilifikiri alilibeba peke yake, nikawa namhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Kumbe alikuwa na mtu wa kumwambia, na mtu huyo si mimi. Hapo ndipo barua yako ilipochoma. Si siri, shemeji, ni wivu. Wivu na marehemu, katika umri huu.

Sasa nisikilize, maana na mimi nina langu, na wewe hukuwepo.

Asubuhi ile ya Jumapili tunaondoka, wewe ulikuwa nje unakaza mkanda wa mzigo na kunihimiza. Nilipokuwa natoka mlangoni alinishika mkanda wa begi kwa nyuma. Nikageuka. Akasema, "Mwaka huu ungebaki."

Alikuwa anatabasamu. Mimi nikaona ni utani wake wa kila mwaka. Nikamwambia, "Nikibaki nitakusaidia nini, kupiga pindo?" Akacheka. Lakini hakuuachia mkanda mara moja. Nilisikia bado ameushika, nikauvuta kidogo, kwa upole tu, kama unavyovuta nguo iliyokwama kwenye msumari. Akauachia. Nikatoka.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Nesi hakulijua mpaka wiki hii.

Kwa hiyo ulimtii alivyotaka Jumatatu. Jumapili alikuwa ametaka kingine, na aliyeambiwa ni mimi. Sikuandikii hili ili tugawane. Najua litakuumiza, kwamba mwishoni aliogopa na akajaribu kurudi nyuma. Nilifikiria kukuficha. Halafu nikaona tumeshaficha vya kutosha katika ukoo huu.

Nesi naye amenieleza kuhusu moyo. Alikaa sakafuni mbele yangu akanichorea, akasema umelegea kama mfuko uliobebeshwa mno. Alilia yeye, mimi nikamshika kichwa. Nilishajua, shemeji. Mtu anajua pumzi yake. Ila niliona vizuri kuambiwa.

Tarehe 10 Juni naanza kupanda. Nesi amekasirika, amebisha, amenifungia viatu kabatini, mwisho amevipeleka kwa fundi vitiwe soli mpya. Neno lile nililoandika mwezi uliopita nalifuta. Ukija, njoo. Usipokuja sitakulaumu.

Mpima


19 Juni
Kituo cha walinzi wa msitu

Nesi mwanangu,

Usiogope kuona barua inafika kabla yetu. Baba yuko hai. Tunakuja polepole, na mlinzi anatangulia na gari la miche, nimempa hii akuletee.

Barua ya baba ilinifikia tarehe 5, gari la idara likaharibika njiani, nikafika hapa tarehe 12. Mlinzi akaniambia, "Alipita juzi. Nilimwambia angoje, akasema anakwenda taratibu, hatamsumbua mtu." Nikapanda mbio, kama mbio ni neno la mtu wa umri wangu.

Sikwenda mbali. Nilimkuta kwenye kibanda cha kwanza, kile cha kando ya kijito, mwendo wa nusu siku tu. Amekaa kizingitini, viatu amevua, miguu imevimba, ufito wa kuvulia umeegemezwa ukutani. Alipoona ni mimi hakusimama.

"Umechelewa," akasema.

"Gari liliharibika."

"Hapa samaki ni wadogo kama misumari."

"Mbona hukuendelea?"

Akatazama miguu yake. "Kupanda siwezi, na kushuka naona aibu. Nimemwambia Nesi nitafika ziwani. Nikaona bora nikae hapa katikati mpaka litokee jambo."

Nikamwambia nitambeba. Akasema, "Na goti la redio hilo? Tutaanguka wote, mlinzi apate kazi ya kuandika ripoti."

Tukakaa pale. Tulivua kwenye kijito, tukapika tulichopata, miiba mitupu. Tulizungumza, mwanangu, kuliko tulivyowahi kuzungumza maishani. Yeye alinisimulia mama yako alivyokuwa mke. Mimi nikamsimulia alivyokuwa msichana, alivyopanda paa kumtafuta njiwa wangu akashindwa kushuka, akakaa huko mpaka jioni kwa sababu alikataa kuita watu. Alicheka mpaka nikaogopa kwa kifua chake. Halafu akalia. Nikamwomba msamaha, kwa mdomo safari hii, nikiwa nimemtazama. Akasema, "Sijui kama nimekusamehe, shemeji. Nimechoka tu kukukosa."

Nami nimelipokea hivyo hivyo. Sikumwomba aongeze.

Siku ya tatu akaniambia, "Nenda wewe. Kaliangalie, urudi unieleze." Mlinzi alikuwa amepanda kututazama, akakubali kukaa naye. Nikaenda peke yangu. Sitakudanganya, niliogopa kila kona ya njia ile.

Ziwa halipo kama tulivyolijua. Mteremko wa juu umeporomoka, tope na miti vimejaza upande mzima tuliokuwa tukisimama. Maji yaliyobaki ni ya kahawia. Nilikaa tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, sikuona hata samaki mmoja akiruka. Sikutoa ufito kwenye mfuko.

Kushuka nilikuwa napiga hesabu. Mzee mgonjwa, anangoja kwenye kizingiti. Ningemwambia lipo, linang'aa, wamejaa, nani angejua? Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Nilipofika alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Haya?"

Nikamwambia lilivyo. Vyote.

Alichukua kikombe, akanywa, akakirudisha. "Kumbe halikuwa linatungoja," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Ahsante." Jioni ile alilala vizuri, mkono wake juu ya begi langu.

Tunashuka na punda wa mlinzi. Anamlalamikia punda njia nzima. Andaa chumba cha mbele, kisicho na ngazi. Mimi nitarudi mtamboni kukabidhi kazi, mwezi hautaisha nitakuja kukaa nanyi, kama mtanitaka.

Mjomba wako,
Fundi


15 Julai

Mjomba,

Nimemwomba dereva asisimame popote mpaka akupe hii.

Baba amefariki jana, Jumapili, saa tatu asubuhi. Nakueleza yote, ili usikae ukijiuliza.

Tangu Alhamisi alikuwa anapumua kwa shida. Daktari alikuja nyumbani, nikamuuliza mbele ya baba mwenyewe, akajibu mbele yake. Baba akamshukuru. Nikasema nikuitie, akasema, "Mwache akabidhi kazi yake vizuri, asije akaacha watu bila maji kwa ajili yangu. Nitajitahidi." Alijitahidi, mjomba. Ijumaa na Jumamosi alikuwa akiuliza leo ni siku gani.

Jumamosi alinitaka nimsomee barua zako zote, hata ile ya pampu. Ile ya pampu aliicheka. Ile ya mama alinisimamisha katikati, akasema sehemu ya bakuli la chakula irudiwe. Nikairudia. Akasema, "Bakuli lile la bluu, lazima." Sikulijua bakuli hilo. Nilitaka kumuuliza, nikaona ameshafumba macho.

Asubuhi ya Jumapili niliamka nikamkuta anataka kukaa. Nikamkalisha, nikakaa nyuma yake kitandani, mgongo wake umeniegemea kifuani, kama tunavyofanya wodini kwa wasiopata pumzi. Nilihisi kila pumzi. Hakusema maneno makubwa. Aliniomba nifungue dirisha, nikamwambia lipo wazi. Akasema, "Basi vizuri." Zikaja pumzi tatu, halafu sikuhisi ya nne. Nilikaa vile vile muda mrefu. Mimi nimewafunika watu wengi kazini, mjomba, lakini sikujua namna ya kutoka nyuma yake.

Hakuwa peke yake. Na mimi najua ungependa ungekuwepo, naye alijua.

Mazishi ni keshokutwa. Majirani wamejaa, mwalimu amehutubia tayari mara mbili, nami nimesema wazi kwamba hakuna kitakachoanza mpaka ufike. Panda gari hili hili linaporudi. Usianze kutafuta nguo wala kupiga pasi. Njoo ulivyo. Za baba zitakutosha.

Mpwa wako,
Nesi